Phyle: Mlima, Ngome na Watu 70

Majira ya baridi ya mwaka 404 KK kuingia 403, watu wapatao 70 walitoka Thebes, wakapanda mlima Parnes na kuishika Phyle, mahali palipokaa juu ya njia ya milimani inayoshuka hadi Athene. Hawakuwa wavamizi wa kigeni. Walikuwa Waathene waliokimbia mji wao, na aliyewaongoza, Thrasybulus, alikuwa jemadari wa Athene katika vita vya Peloponnesos, vita virefu vya Athene na Sparta vilivyokuwa vimemalizika juzi tu. Mlima uliotegemewa kumzuia mtu wa Thebes asishuke Attica, nchi ya Athene, ukawa mlango wa Waathene kutoka Thebes kuja kuwang'oa watawala wa kwao.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kila nikisoma habari za ngome za milimani za Ugiriki ya kale nakutana na picha ileile: kuta nene, minara, askari wachache wenye macho makali, na chini yao njia nyembamba ambayo jeshi zima linaweza kuzibwa kama maji ya mfereji. Picha hiyo inapendeza, lakini inatudanganya. Zipitie moja moja ngome za mpaka wa Athene na Boeotia, nchi ya Thebes, katika miaka ile ya vita. Utaona kuwa zilipopotea, aghalabu hazikupotea kwa kubomolewa. Zilipotea kwa chuki, hofu na uongo uliotoka mjini. Na zilipofaa, zilifaa kwa sababu waliokuwa ndani walijua wanamlindia nani.

Mpaka wenyewe unaeleweka kwa urahisi. Kati ya Attica na Boeotia imelala milima miwili mikubwa, Kithairon upande wa magharibi na Parnes upande wa mashariki. Barabara kubwa ya kutoka Eleusis kwenda Thebes ilipita mwanya wa Kaza, na juu yake ndipo ilipo ngome ya Eleutherai. Karibu na hapo, kwenye uwanda mdogo wa Mazi, ilikuwapo Oinoe. Panakton ilikuwa juu ya uwanda wa malisho wa Skourta. Phyle ilishika njia ya mkato ya Parnes, kama kilomita 20 kutoka Athene, na Decelea njia ya mashariki inayokwenda Oropos.

Decelea ndiyo iliyowaumiza Waathene kuliko zote. Mwaka 413 KK mfalme Agis wa Sparta alijenga ngome pale, ndani ya ardhi ya Attica, mahali palipoonekana kutoka mjini kwenyewe. Mwanahistoria Thucydides, aliyeishi wakati huo, ameorodhesha hasara. Watumwa zaidi ya 20,000 walitoroka, wengi wao mafundi. Kondoo na wanyama wa mizigo waliangamia. Chakula cha kutoka kisiwa cha Euboea, kilichozoea kupita njia fupi ya Oropos na Decelea, sasa kilizunguka rasi ya Sounion kwa bahari na kwa gharama kubwa. Hapo ndipo unaiona kazi halisi ya ngome ya mlimani: anayeishika ndiye anayeamua nani apite na gunia lake la nafaka na nani alale njaa. Na nani aliyewapa Wasparta wazo hilo? Alcibiades, Mwathene, jemadari aliyehukumiwa na mji wake akakimbilia kwa adui. Waswahili tumelisema hili kwa maneno matatu: kikulacho ki nguoni.

Oinoe ina kisa kinachonisikitisha zaidi. Mwaka 431 KK, vita vilipoanza, mfalme Archidamus wa Sparta aliizingira akiwa na jeshi kubwa na mitambo ya kuvunjia kuta. Alijaribu kila njia. Alikaa pale mpaka watu wake wakaanza kumnung'unikia, kwa kuwa kila siku aliyoipoteza ilikuwa siku nyingine ya Waathene kuhamisha watu na mali kuingiza ndani ya kuta za mji. Mwishowe aliondoka mikono mitupu. Ngome ilikuwa imefanya kazi yake: haikulizuia jeshi lisiingie Attica, lakini ilinunua muda, na muda ule uliokoa watu.

Miaka 20 baadaye, mwaka 411, Oinoe ilikuwa imezingirwa tena, safari hii na Wakorintho na watu wa Boeotia. Mjini Athene utawala wa Watu Mia Nne, kundi la matajiri waliopindua demokrasia, ulikuwa unaanguka. Mmoja wao, Aristarchus, aliyekuwa bado na cheo cha jemadari, akatoroka na wapiga mishale wachache na kwenda moja kwa moja hadi Oinoe. Akawaambia walinzi: mji umefanya mapatano na Sparta, na sharti mojawapo ni kwamba ngome hii ikabidhiwe Waboeotia. Hawakuwa na njia ya kujua ukweli, maana walikuwa wamefungiwa ndani. Aliyekuwa anasema nao ni jemadari wao. Wakamwamini, wakatoka kwa amani, wakaikabidhi ngome. Mitambo ya Archidamus ilikuwa imeshindwa. Maneno machache ya mkubwa wao yakatosha.

Naomba tuwatazame walinzi wale kwa huruma. Mtu aliyewekwa mlimani hana cha kumwongoza ila neno linalopanda kutoka mjini. Akilitilia shaka kila neno, jeshi haliendi. Akiliamini kila neno, siku moja atafungulia adui mlango kwa heshima zote. Kosa halikuwa lao hata kidogo. Mji uliogawanyika ulikuwa umewapelekea mgawanyiko wake hadi kileleni.

Panakton nayo ilianguka kwa usaliti, mwaka 422 KK, Thucydides akitaja neno hilo bila maelezo mengi. Mwaka uliofuata Athene na Sparta zikafanya amani, na sharti moja lilikuwa Panakton irudishwe. Waboeotia hawakuutaka mkataba huo. Wajumbe wa Sparta walipofika kuichukua ngome waikabidhi Athene, wakakuta imebomolewa. Kisingizio chao kilikuwa hiki: hapo zamani pande mbili ziligombania mahali pale, zikaapa kwamba hakuna atakayeishi hapo, ila wote watachungia mifugo kwa pamoja. Waathene wakaona wamechezewa. Wangekubalije kurudishiwa kifusi? Hasira ile ilimpa Alcibiades nafasi ya kuuvuta mji kwenye muungano na Argos mwaka 420, na amani ikaanza kuoza kabla haijakomaa.

Kiapo kile cha malisho kinanigusa. Kama kweli kiliwahi kuapwa, basi kabla ya ngome palikuwa na makubaliano ya wachungaji, na mpaka ulikuwa mahali pa kukutana zaidi ya mahali pa kutengana. Sisemi ngome ndiyo iliyoleta uadui. Nasema watu hukumbuka ujirani wa zamani pale tu unapowafaa kuwa kisingizio.

Turudi Phyle. Athene ilipojisalimisha mwaka 404, Thebes na Korintho walitaka mji ufutwe kabisa. Sparta ikakataa, lakini ikasimamisha utawala wa Watu Thelathini, wakiongozwa na Critias. Kwa mujibu wa maandishi ya shule ya Aristotle, watu wasiopungua 1,500 waliuawa katika miezi michache. Raia 3,000 tu waliandikwa kuwa na haki, waliobaki wakanyang'anywa silaha. Waliokimbia walipokewa Thebes, mji uleule uliokuwa umetaka kuwafuta. Mwandishi Plutarch anasema Thebes iliamuru kila nyumba Boeotia iwe wazi kwa Waathene wenye shida, na kwamba mtu akipitisha silaha kwenda kupigana na madhalimu wa Athene, mtu wa Thebes asione wala asisikie. Jirani aliyekuwa tishio la mpaka akawa kimbilio, kwa sababu tishio kubwa zaidi lilikuwa limekaa ndani ya kuta za Athene.

Watu 70 walipoishika Phyle, Watu Thelathini walipanda na wale raia 3,000 na wapanda farasi, siku ya jua zuri. Vijana wachache wenye kiherehere wakaushambulia mlima mara moja, wakarudi na majeraha. Wakubwa wakaamua kujenga ukuta kuizunguka Phyle ili wafe njaa waliomo. Usiku ule theluji ikaanguka, na kesho yake ikaendelea. Jeshi likarudi mjini limelowa theluji, na wapagazi wake wengi wakauawa njiani na watu wa Phyle.

Siku za mbele, Thrasybulus akiwa sasa na watu kama 700, kikosi cha Sparta na wapanda farasi wa Athene walipiga kambi chini ya Phyle kuizuia. Mwanahistoria Xenophon anaieleza alfajiri ile kwa ukaribu wa mtu aliyezoea kambi za kijeshi. Watu walikuwa wanaamka, kila mmoja akitawanyika kwenda haja zake mbali na silaha, na watunza farasi wakaanza kuwachana farasi kwa kelele. Watu wa Phyle, waliokuwa wameshuka usiku na kungoja karibu kabisa, wakanyakua silaha na kuwaangukia mbio. Zaidi ya askari 120 wa miguu wa upande wa pili walikufa, pamoja na wapanda farasi watatu, baadhi yao wakikutwa bado vitandani.

Wengi huisimulia Phyle kama ushindi wa mahali pagumu. Kweli pale ni pagumu: mteremko mkali, korongo upande mmoja, na ukisimama juu unauona uwanda wa Athene hadi bahari. Ila kuta zinazosimama leo, za mawe makubwa yaliyochongwa na kupangwa bila saruji, unene wake karibu mita tatu, na minara ya pembe nne na mmoja wa duara, wataalamu wengi huzihesabu kuwa za karne ya 4 KK, yaani zilijengwa baada ya Thrasybulus. Yeye alikuwa na mwamba, theluji na watu wasio na pa kurudi. Upande wa pili walikuwapo watu waliopandishwa mlimani kumtetea Critias. Sioni haja ya kutafuta siri nyingine.

Kilichofuata kinalithibitisha hilo. Baada ya kushindwa chini ya Phyle, Watu Thelathini walianza kuogopa, wakatafuta mahali pa kukimbilia. Wakauchagua mji wa Eleusis, ulio kwenye barabara ya mpakani. Wakaenda pale na wapanda farasi, wakasema wanataka kujua wenyeji ni wangapi ili wapange walinzi wa kutosha. Kila mtu ajiandikishe. Aliyejiandikisha alitolewa kwa mlango mdogo unaoelekea baharini. Nje, wapanda farasi walikuwa wamepangwa kulia na kushoto, na watumishi wakamfunga kila aliyetoka. Kesho yake wakalazimisha raia walioaminiwa kupiga kura ya wazi kuwahukumu kifo.

Sina neno la kulipunguzia uzito jambo hilo. Kisingizio kilikuwa ulinzi wa mpaka. Daftari lilikuwa la ulinzi. Wapanda farasi walikuwa walinzi wa mji. Mtawala anayewaogopa watu wake huanza kwa kuyachafua maneno ya usalama, na tangu hapo hakuna mlima wala ukuta utakaomfaa. Siku chache baadaye Thrasybulus alishuka na watu kama 1,000 hadi bandari ya Piraeus, na katika mapigano ya kilima cha Mounichia Critias akauawa. Kabla mwaka 403 haujaisha demokrasia ilikuwa imerudi.

Msomaji anaweza kuniuliza: je, ngome hizi hazikuwahi kumzuia adui wa kweli? Ziliwahi, na sitaki kulificha hilo. Majira ya baridi ya mwaka 379 kuingia 378 KK, mfalme Cleombrotus wa Sparta alikuwa anakwenda kuipiga Thebes. Njia ya Eleutherai ilikuwa imeshikwa na Chabrias wa Athene na askari wake wenye ngao nyepesi. Cleombrotus akaiacha, akapanda njia ya Plataea. Kileleni walikuwapo watu kama 150 waliotolewa gerezani, wamewekwa kulinda. Askari wake waliotangulia wakawaua karibu wote. Linganisha njia hizo mbili. Penye kikosi kilichojua kazi yake, mfalme hakuthubutu hata kujaribu. Penye wafungwa waliookotwa kujaza pengo, alipita. Na ngome kubwa ya Eleutherai tunayoiona leo, yenye ukuta wa kaskazini ulio kati ya iliyohifadhika vizuri kabisa Ugiriki, nayo ni ya karne hiyohiyo ya 4. Wataalamu bado wanabishana kama aliyeijenga ni Athene au Boeotia. Ubishi huo wenyewe unaeleza mengi juu ya mpaka ule.

Nisiiache Eleutherai bila kutaja jambo ninalolipenda. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anasema watu wa Eleutherai hawakutiwa Athene kwa vita. Walijiunga wenyewe, kwa kutamani uraia wa Athene na kwa kuwachukia watu wa Thebes. Sanamu yao ya kale ya mbao ya mungu Dionysus ilihamishiwa Athene, naye ndiye Dionysus wa Eleutherai aliyekuwa na hekalu kando ya ukumbi wa michezo ya kuigiza chini ya Acropolis. Kila mwaka sanamu ilitolewa hadi hekalu dogo karibu na Academy, kisha ikarudishwa. Sherehe kubwa kuliko zote za tamthilia za Athene zilifanyika kwa jina la mungu wa kijiji cha mpakani. Ukiniuliza nini kiliifunga Eleutherai na Athene kwa nguvu zaidi, ukuta au mungu yule wa mbao, nitachagua mungu wa mbao.

Mwaka 1985 mwanahistoria Josiah Ober alitoa hoja kwamba baada ya kushindwa mwaka 404, Waathene walibadilika wakawa watu wa kujihami, wakajenga mtandao wa ngome, minara na ishara za moto wa kuifunga Attica nzima. Waliompinga wanasema hapakuwa na mpango mmoja wa namna hiyo, na kwamba ngome zilikuwa vituo vya doria na usimamizi wa mashamba na njia. Naelemea kwa hawa wa pili, ingawa Ober ameona jambo la kweli: hofu ya kupoteza mashamba tena kama enzi ya Decelea ilikuwa kubwa. Lakini mtandao wa mawe hautoshi kueleza kilichobadilika. Kilichobadilika ni kwamba Athene ilianza kuwaandaa watu.

Kufikia miaka ya 330 KK, kila kijana raia aliyefika miaka 18 aliingia katika utumishi wa miaka miwili. Waliitwa maefebo. Mwaka wa kwanza walilinda bandarini Piraeus. Mwaka wa pili kila mmoja alipewa na dola ngao na mkuki, akapanda kwenye vituo vya mipakani na kuzunguka nchi. Posho ilikuwa oboli nne, sarafu ndogo za fedha, kwa siku. Maandishi ya mawe yaliyosalia yanawataja wakiwa Phyle, Panakton na Eleusis. Katika kiapo chao waliwataja mashahidi, na baada ya miungu wakataja mipaka ya nchi, ngano, shayiri, mizabibu, mizeituni na mitini. Kijana aliyeapa kwa mtini wa kwao, kisha akakaa mwaka mzima akiutazama uwanda wa kwao kutoka juu ya Parnes, angeulizia mara mbili kabla ya kumwamini Aristarchus mwingine. Hilo ndilo ninaloliita ulinzi, na kuta za Phyle zilikuwa nyumba yake tu. Hata hivyo ngome zilizoachwa bila mji huru hazikudumu mikononi mwa Athene: Cassander wa Makedonia aliziweka Phyle na Panakton zielekezwe dhidi ya Athene yenyewe, mpaka Demetrius, adui wake, alipozitwaa na kuzirudisha mwaka 304.

Na wale wa kwanza, watu wa theluji, walilipwa nini? Archinus, aliyekuwa mmoja wa waliorudisha demokrasia, alipendekeza wapewe drakma 1,000 kwa ajili ya dhabihu na sadaka. Msemaji Aeschines alipiga hesabu akaona ni chini ya drakma kumi kwa kila mmoja. Wakavikwa na taji la matawi ya mzeituni, baada ya Baraza kuchunguza kwa makini nani hasa alikuwa Phyle wakati wa kuzingirwa. Aeschines aliona fahari katika udogo wa zawadi ile, nami nakubaliana naye.

Ila taji lilikuwa la raia. Waliopigana upande wa Thrasybulus walikuwamo pia wageni na watumwa, na yeye alitaka wote waliorudi naye kutoka Piraeus wapewe uraia. Archinus yuleyule alimshtaki kwamba pendekezo lake linavunja sheria, akashinda. Archinus husifiwa kwa busara, kwa kuwa aliutuliza mji usilipize kisasi. Hapa namwona amekosea, tena vibaya, maana mji ulipokuwa hauna raia wa kutosha wenye ujasiri, wageni hawa hawakuombwa vyeti kabla ya kushika mikuki.

Mwaka 401 kuingia 400 KK mji ulijisahihisha kwa kiasi. Vipande vya jiwe la amri hiyo vimesalia. Inawapa haki wageni waliosaidia kurejea kwa demokrasia, na inawataja walioshuka pamoja kutoka Phyle. Chini yake majina yamechongwa kwa safu, na kwa kuwa wageni hawa hawakuwa na mtaa wa uraia wa kuandikwa baada ya jina, mchongaji aliandika kazi zao. Chairedemos, mkulima. Leptines, mpishi. Demetrios, seremala. Euphorion, mchunga nyumbu. Kephisodoros, mwashi. Hegesias, mtunza bustani.